Bahasha za Mwezi Unaopungua

Jumatatu ile Bi Leonila Insuasty alifagia ua, akaufagia tena. Akawatupia simbilisi majani wakati yale ya kwanza hawajayamaliza. Akainjika maji ya kahawa, akakumbuka kwamba kahawa amekatazwa, akayamwaga kwenye mtaro, mvuke ukapanda katika baridi ya Túquerres, mji wa milimani, kana kwamba ua unafuka moshi. Kisha akafungua kabati la vyombo, akalifunga, akalifungua tena, na hakujua anatafuta nini humo.

Tumbo lilikuwa linawaka, lakini hilo alikwisha kulizoea. Ijumaa daktari alikuwa amemwonyesha majibu ya kipimo cha pumzi: baada ya siku kumi na nne za vidonge, bakteria wale wa tumboni walikuwa wapo vile vile, wazima kabisa. Na hakuruka hata kidonge kimoja. Alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na moja katika shule ya wasichana, na kila dozi aliitia alama nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Wiki mbili alitembea na ladha ya sarafu mdomoni, akakataa hata tone la pombe kwenye kinywaji cha moto siku ya sikukuu ya mtakatifu. Yote bure.

Lililomnyima raha lilikuwa jambo la Nubia. Binti yake huyo wa pekee, mwenye miaka arobaini na miwili, karani katika ofisi ya mwanasheria, alikuwa ameingizwa kamera tumboni kule hospitali kubwa ya Pasto, wakakuta bakteria hao hao, na ngozi ya ndani ya tumbo imeanza kubadilika. Katika milima ile maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa. Kila ukoo una mtu wake aliyekonda, akaanza kukataa viazi, kisha akazikwa. Daktari alisema wahi mapema, tiba ya kwanza ndiyo yenye nguvu, ikishindwa ya pili huwa ngumu zaidi. Akamwandikia Nubia vidonge vile vile vilivyokuwa vimemshinda mama yake. Alitakiwa akavichukue leo saa nne, aanze jioni.

Na Leonila alijua kwamba havitamfaa. Alijua na sababu yake. Ila sababu hiyo haikuweza kutajwa bila kumtaja marehemu mume wake.

Aliulizwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa nne, siku alipoanza matibabu. Daktari Yaneth Quiñones, mwanamke mpole mwenye sauti nzito, mzaliwa wa Tumaco huko pwani, aliinua kalamu yake.

"Bi Leonila, hii metronidazole ninayokuandikia, umewahi kuitumia? Kwa amiba, kwa kuhara, kwa lolote?"

"Nyumbani kwangu, daktari, mambo hayo hayajawahi kuingia."

Mara ya pili ilikuwa Ijumaa hiyo hiyo ya majibu. Daktari alikuwa amechoka. Alisema ana wagonjwa thelathini na wanane mjini hapa, wote wanaapa hawajawahi kuionja dawa hiyo, na nusu yao hawaponi. Bakteria huwa sugu wakipigwa kidogo kidogo, mara nyingi, bila kuuawa wote. Sasa hawa wa Túquerres walipigwa lini?

"Na Nubia?" akauliza, akimtupia jicho binti aliyeketi kando ya mama yake. "Yeye amewahi?"

"Nubia nimemlea mimi," akajibu Leonila, na daktari akaandika.

Iandikwe sawasawa: Floresmiro Burbano, mume huyo, hakuwa tapeli. Duka lake la dawa lilikaa kona ya uwanja wa kanisa miaka arobaini, na katika miaka hiyo hakuuza kitu kilichoharibika wala hakumfukuza asiye na kitu. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi na mkewe. Watu wa milimani wanaamini kwamba vijidudu vya tumboni hulegea mwezi unapopungua. Ukivipiga siku hizo, hutoka. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa nane, mwezi ukianza kumegeka, akina mama walikuja na watoto wao. Hawakupita mlango wa mbele, kwani nani anataka kuonekana uwanjani akiomba dawa ya uchafu? Walipita mlango wa ubavuni, uliotazama ukuta wa kanisa. Floresmiro aliwapa bahasha ndogo za karatasi nyeupe, zisizo na jina, kila moja na vidonge vya siku mbili. Siku saba au kumi hakuna ambaye angezimaliza, na mwezi wenyewe haungoji. Vidonge vilimezwa na maji ya moto ya sukari guru. Watu waliita jambo hilo kusafisha tumbo. Neno dawa halikutajwa kamwe.

Na alianza na familia yake mwenyewe, ili watu wasiseme anawapa wengine asichokula mwenyewe.

Bahasha zile Leonila ndiye aliyezikunja, jioni, mezani, baada ya kusahihisha daftari za wasichana. Vidonge alivihesabu yeye. Jina lililokuwa kwenye boksi kubwa alilisoma yeye. Wakati huo hakuona tatizo. Hata vitabu alivyofundishia vilisema machache kuhusu jambo hilo. Lakini Ijumaa, daktari aliposema *kidogo kidogo, mara nyingi*, aliziona bahasha zote zikiwa zimepangwa mezani.

Saa mbili na nusu wifi yake, Zoila Burbano, aliingia bila kupiga hodi, kama ilivyo haki ya dada wa marehemu. Alikuwa amevaa joho lake la sufu na uso wa mtu mwenye habari.

"Wifi, umefagia mpaka ardhi inalia."

"Kaa, Zoila."

"Nitakaaje, na wewe unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga? Sikiliza. Halmashauri imekubali. Chumba kipya cha dawa cha kituo cha afya kitaitwa kwa jina la kaka yangu. Wataweka na picha. Nimewaambia ile ya koti jeupe, siyo ile ya harusi, ile ya harusi anaonekana kama anakwenda kunyongwa."

Leonila aliweka ufagio ukutani. Kisha, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akamwambia.

Zoila alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Bahasha? Wewe unataka kwenda kusema mambo ya bahasha kwa yule mtu wa pwani? Kaka yangu aliwapa watu afya."

"Aliwapa nusu dozi."

"Aliwapa bure."

"Bure na nusu dozi. Bakteria akipigwa nusu hafi, Zoila. Anakomaa."

"Wewe na shule yako. Miaka yote hiyo ulikuwa na shule hiyo hiyo na ulikunja bahasha." Alipoona neno limeingia ndani kuliko alivyokusudia, alilegeza sauti. "Wifi yangu. Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Unataka Nubia abadilishiwe vidonge? Mwambie aseme vinamwasha mwili. Mikono, shingo, macho yamevimba. Daktari atabadilisha mara moja, wanaogopa sana mambo ya kuwashwa. Nubia anapona, jina linabaki safi. Nani amepoteza?"

Ilikuwa akili nzuri. Leonila aliigeuzageuza, hakuona kasoro. Alivaa koti, akachukua mwavuli, akaenda kumpitia Nubia ofisini.

Walipandisha mtaa pamoja, ukungu wa mlima Azufral ukishuka juu ya mapaa. Leonila alikwenda mbio, Nubia akabaki nyuma hatua mbili, tatu.

"Mama, miadi ni saa nne, siyo jana."

"Ukifika, mwambie daktari vidonge vile vinakuwasha."

"Vidonge gani? Sijameza hata kimoja."

"Sema uliwahi kuvimeza zamani, vikakuwasha."

Nubia alisimama katikati ya njia. Alikuwa na tabia ya baba yake ya kuinamisha kichwa upande mmoja mtu anapomwuzia kitu. "Ijumaa ulimjibu daktari kana kwamba sijawahi kuvimeza kabisa. Nilikuwepo. Nilidhani unajua unachosema."

"Sema hivyo tu, mwanangu."

"Kwa nini niseme uongo kwa mtu anayetaka kunitibu?"

Leonila alikaza mwavuli kwapani. Akaendelea kupanda.

Kwenye benchi la kituo cha afya walikuwa wameketi wanawake watatu. Mmoja alikuwa Otilia Pantoja, muuza viazi wa sokoni, mwenye viganja vyeusi vya udongo ambao haukutoka hata Jumapili. Nubia aliitwa dirishani kujaza fomu. Leonila alisimama, akakaa pembeni mwa benchi, akasimama tena.

"Mwalimu, hata wewe?" Otilia akamwambia. "Nilidhani hawa bakteria wanawaogopa watu waliosoma."

"Mimi wamenizoea."

"Mimi nakwenda mara ya tatu. Dawa inaingia, inawasalimia, inatoka. Mume wangu anasema ningemlisha nguruwe vidonge vyote hivyo, angekuwa profesa."

Wale wengine wakacheka. Leonila alisubiri kicheko kipite, akainama karibu na sikio la Otilia.

"Daktari alipokuuliza kama umewahi kutumia metronidazole, ulimjibu nini?"

"Nilimjibu sijui hata kuitamka."

"Lakini ulikuwa unakuja mlango wa ubavuni."

Otilia aliangalia sakafu. Akateremsha sauti, lakini benchi lilikuwa fupi na wenzake walisikia. "Nani hakuja? Watoto wangu watano, kila mwezi ulipopungua. Bwana Floresmiro hakunidai hata mara moja."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, mwalimu? Yule daktari anauliza, anauliza, tukaona anatafuta wa kumlaumu. Niende kumtaja mtu aliyenipa bure, na wewe mjane wake unapita kila siku sokoni na mwavuli wako?" Alitikisa kichwa. "Tulielewana. Jina la marehemu lisiletwe hapa ndani. Ni heshima yako hiyo."

"Mlielewana nani na nani?"

"Hatukuitisha mkutano. Lakini kila mtu anajua."

"Mficha maradhi kilio humfichua," alisema mwanamke wa pili, bila kumwangalia mtu. "Dada yangu alificha hivyo hivyo. Mwezi wa sita tulimlilia."

Leonila aliangalia viganja vya Otilia. Mara ya tatu anameza vidonge vile. Na siku zote alikuwa akidhani kwamba wanawake hawa wanamsalimia vizuri kwa sababu aliwafundisha binti zao.

Nubia aliitwa. Waliingia wote wawili. Daktari Yaneth alielekeza kiti, Leonila akabaki wima.

"Daktari, kabla hujampa hizo dawa. Nilikudanganya. Mara mbili."

"Mama," Nubia akasema.

"Ngoja, mwanangu, nikinyamaza sitaweza kuanza tena." Alishika mwavuli kwa mikono miwili. "Mume wangu alitupa metronidazole mara mbili kila mwaka. Mimi miaka ishirini na sita. Huyu tangu ana miaka miwili mpaka alipokwenda chuo. Siku mbili mbili, kisha basi. Bahasha nilizikunja mimi mwenyewe, kwa hiyo najua kilichokuwemo."

Nubia aligeuka polepole. "Zile za baba? Za maji ya sukari guru?"

"Hizo."

"Zile zilikuwa za kusafisha tumbo."

"Ndizo dawa hizo hizo ulizokuja kuchukua leo."

Daktari alikuwa ameweka kalamu chini. "Kwa nini siku mbili?"

"Kwa sababu ya mwezi."

"Mwezi," alirudia daktari, kwa makini, kama mtu aliyefundishwa kutowacheka wagonjwa. Leonila akamweleza kwa maneno machache, vile alivyokuwa akiwaeleza wasichana somo ambalo yeye mwenyewe halipendi. Daktari hakumkemea. Aliangalia orodha ya wagonjwa iliyokuwa ukutani nyuma ya mlango, kisha akauliza, "Na wengine wangapi walipewa?"

"Uliza nani hakupewa."

"Nimewauliza thelathini na wanane. Wote walisema hapana."

"Uliuliza vibaya," Leonila akasema, na hapo sauti ya darasani ilimtoka bila kukusudia. "Uliwauliza kama wametumia dawa. Sisi ile hatukuiita dawa. Ukawatajia jina la kwenye boksi, na bahasha haikuwa na jina. Waulize nani aliwapa bahasha mwezi ulipokuwa unapungua."

"Nikiwauliza hivyo watanijibu?"

Leonila alifikiri. "Hawatakujibu. Wananistahi mno."

Aliufungua mlango. Benchi lilikuwa limejaa sasa, wanawake sita na mzee mmoja mwenye kofia. Aliwajua wote. Aliwaambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba zile bahasha za mume wake zilikuwa dawa, dawa yenye jina, na nusu dozi. Kwamba yeye alizikunja. Kwamba hajawahi kumwambia daktari na leo amemwambia. Na kwamba kila aliyezimeza aseme hivyo akiingia ndani, na ataje jina la Floresmiro Burbano bila wasiwasi, kwa kuwa mjane wake amekwisha kulitaja.

Mzee mwenye kofia alikohoa. "Sisi kule Sapuyes tulikuwa tunameza hata mwezi ukiwa mpevu," akasema. "Tukaona haidhuru."

"Ndiyo maana mpaka leo hujaoa," Otilia akamwambia, na benchi likacheka, lakini Otilia mwenyewe alikuwa anajifuta macho.

Daktari aliichana ile karatasi ya dawa za Nubia. Akaondoa kidonge kile, akaweka kingine cha zamani zaidi pamoja na dawa yenye madini ya kutia ulimi weusi. Ilikuwa tiba chungu zaidi, mara nne kwa siku, na haikuwa na ahadi. Kwa Leonila alisema atahitaji kukatwa kipande kidogo cha ngozi ya tumbo, kipelekwe maabara Pasto, bakteria wakuzwe na kujaribiwa dawa moja moja mpaka ijulikane ipi bado wanaiogopa.

Habari ilimfikia Zoila kabla ya chakula cha mchana. Alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kaka yangu umemzika mara ya pili," akasema. Akaenda zake, na kwa wiki nyingi kanisani alikaa upande mwingine. Halmashauri nayo ilimtuma mwenyekiti wake, mtu wa kukunjakunja kofia, aseme kwamba suala la jina la chumba limesogezwa mbele kidogo, mwalimu, unajua tena mambo ya ofisi. Leonila alimjibu wafanye wanavyoona vyema. Sokoni watoto wa wachuuzi walianza kumwita marehemu daktari wa mwezi. Mara ya kwanza alipolisikia, alitaka kurudi nyumbani. Hakurudi. Alichagua viazi kimoja kimoja, taratibu kuliko kawaida yake.

Adhabu kubwa ilikuwa mezani. Nubia alihamia kwa mama yake kwa siku zile kumi na nne ili asiruke dozi, na siku nne za kwanza hakumsemesha. Alimeza, akatapika, akasubiri, akameza tena. Leonila aliamka, alizunguka, alipika uji wa mahindi ambao hakuna aliyeunywa, alisimama nyuma ya mlango wa chumba akisikiliza kama binti yake anahema vizuri. Siku ya tano Nubia alitoa ulimi mbele ya kioo cha sebuleni. Ulikuwa mweusi kama ubao.

"Njoo, mwalimu," akasema. "Andika tarehe."

Leonila alicheka mpaka ikabidi ashike ukuta. Kisha Nubia akauliza lile alilokuwa amelibeba.

"Baba alijua?"

"Hakujua. Angejua angefunga ule mlango kwa misumari."

"Na wewe?"

"Wakati ule, hapana. Nilijua siku nilipopata majibu yangu. Nikaulizwa habari zako, nikajibu vile."

Nubia aliutazama tena ulimi wake kwenye kioo. Hakusema amemsamehe, wala Leonila hakuomba. Alikwenda kumletea dozi ya mchana.

Wiki nne baada ya kidonge cha mwisho walikwenda kupima pumzi. Nubia alipuliza mfuko mara mbili, kabla na baada ya kunywa kinywaji kichungu cha kipimo, na Leonila akapima urefu wa ukumbi kwa hatua zake mpaka muuguzi akamwambia anawatia watu kizunguzungu. Daktari Yaneth alitoka na karatasi mwenyewe. Bakteria hawakuonekana. Ngozi ya tumbo itaangaliwa tena baada ya mwaka, itaangaliwa miaka mingi, lakini kilichokuwa kinaiguguna kimeondoka.

Leonila aliisoma karatasi mara tatu. Kisha akaomba miadi yake ya Pasto.

"Alhamisi," daktari akasema. "Watakuuliza historia yote upya, Bi Leonila. Ya kwako na ya nyumba nzima."

Nubia alikwisha kuichukua karatasi ya miadi, akaikunja, akaitia mkobani mwake.

"Nitaomba ruhusa kazini, twende wote," akasema. "Na huko wakiuliza, nitajibu mimi."

Leonila akachukua mwavuli wake, wakatoka.